Nilivyomtetea Wiyada kwa Tumbo Langu

Kwa mwaka mzima jina langu kijijini Nong Phai lilikuwa Mama Vikopo. Sikulichukia, maana ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya. Nilipita nyumba kwa nyumba na kikapu cha vikopo vyeupe vya plastiki, nikampa kila mtu viwili, kimoja cha haja ndogo na kimoja cha haja kubwa, nikamsihi avirudishe asubuhi vikiwa na kitu ndani. Wengine walivirudisha vitupu. Mzee mmoja alileta cha kwake kina mavi ya kuku, akadhani hatutajua.

Jina langu hasa ni Lamduan. Nauza saladi ya papai bichi mbele ya shule, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, yule wa kupima watu presha na kuwagombeza kwa maji yaliyotuama kwenye mitungi. Vikopo vilikuwa vya Wiyada, mtoto pekee wa kaka yangu Khamphan. Mama yake alifariki Wiyada akiwa na miaka sita, na mimi ndiye niliyemsuka nywele mpaka siku alipoondoka kwenda chuo kikuu mjini. Huko akasoma, akasoma tena, akawa daktari wa maabara, si wa sindano.

Ugonjwa aliouchagua ni wetu sisi watu wa Isan, mkoa unaopakana na Laos. Ndani ya samaki wadogo wa mabwawa na ziwa letu mna mnyoo asiyeonekana kwa macho. Ukimla samaki mbichi, mnyoo hupanda mpaka kwenye ini, akajibanza katika vifereji vya nyongo, na humo anaweza kukaa miaka ishirini bila kukuuma hata siku moja. Halafu asubuhi moja jirani anakwambia macho yako yamegeuka manjano. Ikishafika hapo mara nyingi ni saratani, na familia inaanza kuzungumza na watawa habari za mazishi. Baba yetu alikwenda hivyo. Mdogo wetu Prasoet alikwenda hivyo akiwa na miaka arobaini na mmoja. Mume wangu pia.

Dawa ya kumuua mnyoo ipo, vidonge vya siku moja tu. Shida ni kujua nani anaye. Maabara hutafuta mayai ya mnyoo kwenye kinyesi kwa hadubini, na mtu mwenye minyoo wachache hupita bila kugundulika. Wiyada alitumia miaka saba kutengeneza kijikaratasi cha urefu wa kidole. Unakichovya kwenye mkojo, unasubiri robo saa. Ukitokea mstari mmoja, uko salama. Ikitokea miwili, wamo.

"Mkojo tu, Shangazi!" aliniambia siku aliyokileta, huku akirukaruka kama msichana wa shule. "Hakuna tena kumwomba mtu mzima mavi yake."

"Sasa hivi vikopo vingine ni vya nini?"

Akacheka kwa aibu. "Kwa mara hii ya mwisho. Lazima nilinganishe kipimo changu na hadubini, la sivyo hakuna atakayeniamini."

Alianza na baba yake. Na kaka yangu Khamphan, lazima niseme, hakuwa mla samaki wa kawaida. Alikuwa mtengenezaji wa koi asiye na mpinzani kuanzia kwetu mpaka ng'ambo ya ziwa. Alimkata samaki mbichi kwa kisu chembamba mpaka nyama ikawa laini kabisa, akakamulia ndimu, akatia pilipili, unga wa mchele wa kukaanga na majani ya mnanaa. Harusi isiyo na koi ya Khamphan watu waliiita mkutano. Tulimkuta uvunguni mwa nyumba yake ya nguzo ndefu, ubao wake mbele yake, wanaume watatu wakimsubiri na chupa ya pombe ya mchele.

Wiyada akapiga magoti mbele ya baba yake kwa adabu, akaviweka vikopo viwili mkekani.

Khamphan akavitazama. "Mtoto wangu amekaa chuo kikuu miaka kumi na miwili," akawaambia wenzake. "Leo amerudi kuniomba mavi."

Wale wanaume wakaangua kicheko.

"Na mkojo, Baba," Wiyada akasema.

"Ahaa, na mkojo! Kumbe amefika mpaka udaktari."

"Baba, hao minyoo unaowalisha watu..."

"Ndimu inawaivisha. Huoni nyama inavyobadilika rangi? Na atakayeiponyoka ndimu, pombe inammaliza."

"Haiwaivishi. Nimewaweka mwenyewe kwenye maji ya ndimu. Nimerudi baadaye, nawakuta bado wanajinyonganyonga."

"Hao ni wa mjini, wamezoea shida. Wa huku kwetu ni dhaifu."

Mmoja wa wale wanaume alicheka mpaka pombe ikamtokea puani. Wiyada akanyanyuka, akamwinamia baba yake viganja vikiwa vimekutana, akaondoka. Vikopo akaviacha palepale. Mimi nilibaki nyuma kidogo, na Khamphan akanitazama. "Na wewe dada yangu," akasema kwa sauti ya chini, "wewe ndiye unayembebea kikapu?" Sikumjibu. Nilikuwa na sababu ya kutomjibu, na nitaieleza itakapofika zamu yake.

Tulikusanyia vikopo kwenye ukumbi wa hekalu, kwa idhini ya mtawa mkuu ambaye alileta vya kwake wa kwanza ili watu waone kwamba hata mtakatifu anakwenda chooni. Kila kikopo kilikuwa na namba, bila jina, pamoja na fomu ya maswali kuhusu anachokula mtu. Jirani yangu Mama Saiyut alikuja na vyake amevifunga kwenye kitambaa cha hariri kama sadaka.

"Pokea kwa mikono miwili," akaniambia. "Kimenigharimu siku tatu za ndizi."

"Mbona kizito hivi?"

"Uliomba kidogo, mimi si mchoyo."

Ndivyo ilivyokuwa wiki mbili nzima, ukumbi umejaa vicheko. Tulipata watu mia nne na kumi na wawili. Nami nilitoa vyangu, namba mia mbili na kumi na mbili. Khamphan peke yake ndiye aliyekataa katakata. Vikopo vyake alivipandia miche ya pilipili.

Miezi miwili baadaye Wiyada alirudi kijijini, na safari hii alikuja na mkubwa wake, Profesa Thirawat. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, anayeongea polepole. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu Mama Saiyut mpaka leo anamwita yule mchawi. Watu kama sitini walikaa kwenye mikeka ukumbini kusikiliza. Khamphan naye alikuja, akasimama nje dirishani, mikono nyuma, kama mpita njia.

"Hadubini imewaona watu themanini na wanane wenye minyoo," Profesa akasema. "Kipimo cha Daktari Wiyada kimewaona wote hao. Lakini kimewaona na wengine arobaini na watatu, ambao sisi kwenye hadubini hatukuwakuta na yai hata moja."

"Si ndiyo vizuri?" Mama Saiyut akauliza. "Kina macho makali."

"Ama kina macho makali, Mama, ama kinasingizia watu. Kipimo kinachosingizia ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Nimepitia fomu za hao arobaini na watatu mmoja mmoja. Wengi wameandika wenyewe kwamba hula samaki mbichi, kwa hiyo siwezi kuamua. Ila yuko mmoja, simtaji, ambaye ameandika kwamba hajamgusa samaki mbichi kwa miaka kumi na tisa. Hadubini inasema hana kitu. Kipimo kinasema anao." Akavua miwani. "Kama kinamsingizia mtu wa namna hiyo, huenda kinawasingizia wote arobaini na watatu. Namheshimu sana Wiyada. Lakini siwezi kukipeleka mbele. Tutarudi maabara, tuanze upya."

Nilimtazama Wiyada. Alikuwa amekificha kidole gumba ndani ya ngumi, kama alivyokuwa akifanya utotoni akizuia machozi. Miaka saba! Na mimi nilimjua mtu wa miaka kumi na tisa ni nani. Namba mia mbili na kumi na mbili.

Sasa ile sababu yangu. Kila mavuno ya mpunga, na kila mwaka mpya wakati watu wanamwagiana maji barabarani, mimi Lamduan, mhudumu wa afya, niliyemzika mume kwa ugonjwa huo, niliyewapokonya watu sahani mikononi, nilikuwa nikienda jikoni kwa kaka yangu kwa mlango wa nyuma nakula koi. Nilikula nimesimama, haraka haraka, kwa wali wa kunata, halafu natafuna majani ya mnanaa kuua harufu. Khamphan ndiye pekee aliyejua. Kwenye fomu nilisema uongo kwa sababu aliyekuwa anaijaza alikuwa Wiyada mwenyewe, kalamu mkononi, ananitazama kwa macho yale niliyokuwa nikiyapaka dawa akiwa mtoto.

Nikasimama. Nikashika nguzo.

"Profesa, kipimo hakisingizii," nikasema. "Huyo mtu ni mimi, na mimi ndiye niliyedanganya."

Wiyada akageuka. "Shangazi?"

"Nakula. Kwa kaka yangu. Mara mbili, tatu kwa mwaka. Mavuno ya juzi nilikula sahani mbili."

"Lamduan, nyamaza!" Khamphan akafoka kutoka dirishani.

"Sinyamazi. Ulitia pilipili nyingi, ndiyo maana nilirudia."

Jamani, mlipuko wa sauti uliotokea pale! Wengine walicheka, wengine walipiga mikeka kwa viganja. Mama Saiyut alikuwa amesimama, ananielekezea kidole.

"Mama Vikopo! Si wewe ulinimwagia sahani yangu kwa mbwa kwenye harusi ya mwanangu?"

"Ni mimi."

"Mbele ya wakwe zangu!"

"Ni mimi, Saiyut. Nisamehe. Na ilikuwa inanukia vizuri, iliniuma kuimwaga."

Hapo hata mtawa mkuu alificha uso nyuma ya kipepeo chake cha kujipepea. Lakini Profesa hakucheka. Alisubiri kelele zipungue.

"Mama, nashukuru kwa ukweli wako," akasema. "Ila bado haunithibitishii kitu. Kula samaki mbichi si sawa na kuwa na minyoo. Hadubini haikuona yai."

"Kwani minyoo wenyewe hawawezi kuonekana? Nipeni dawa, watoke, muwaone."

Profesa na Wiyada wakatazamana. Wiyada akaja karibu nami, akanong'ona, "Shangazi, njia hiyo ipo. Lakini unajua maana yake? Utakunywa vidonge, halafu chumvi ya kuharisha. Utalazwa siku tano. Kila utakachotoa kitachujwa kwenye chujio, chote, tone kwa tone. Watu wachache sana hukubali."

"Nani atakayechuja?"

"Mimi."

"Nilikusafisha wewe kila ulipoharisha utotoni," nikamwambia. "Tutakuwa sawa."

Nililazwa hospitali ya wilaya, chumba cha peke yangu chenye choo cha ndoo. Vidonge vilinizungusha kichwa, na ile chumvi sitaki hata kuikumbuka. Wiyada alivaa buti, aproni na barakoa, akawa anabeba ndoo kwenda kibanda cha nyuma ambako walitandika machujio ya matundu madogo kuliko ungo wowote niliowahi kuuona. Profesa alisimama pembeni kushuhudia, kwa sababu walikubaliana kwamba Wiyada asihesabu peke yake.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna kitu. Jioni ile Profesa aliingia chumbani kwangu, akaniamkia, akaniuliza kama naweza kula uji. Nikamwona kwenye uso kwamba ananionea huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko kuharisha.

"Siku bado zipo," nikamwambia.

"Zipo, Mama."

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, nilisikia mtu anapiga kelele kule kibandani. Nikadhani Wiyada kateleza. Nikatoka na kanga ya hospitali, nikiburuta ndala, nikafika mlangoni nikamkuta ameinamia sahani ya kioo, barakoa imeshuka kidevuni, na Profesa ameinama upande wa pili mpaka vichwa vyao vinagusana. Ndani ya sahani, kwenye maji safi, mlikuwa na kitu kama kipande cha jani jembamba, laini, unaona mpaka ndani yake, hakifiki urefu wa ukucha wa kidole changu kidogo.

"Ndiye?" nikauliza.

Profesa ndiye aliyejibu. "Ndiye, Mama. Na yule pale ni mwenzake."

Mpaka siku ya tano walitoka kumi na wanne. Kumi na wanne! Minyoo kumi na wanne ambao hadubini haikupata yai lao hata moja, na kile kijikaratasi cha mtoto wetu kiliwajua kwa matone ya mkojo. Profesa aliwahesabu mara tatu. Kisha akasimama mbele ya Wiyada, yeye mkubwa wake, akaunganisha viganja akainama, akasema, "Nilikosea. Sijawahi kufurahi hivi kwa kukosea." Wiyada akainama chini zaidi, ndipo akalia sasa, kwa sauti, na mabuti yake miguuni.

Nilirudi kijijini nimekonda, nikidhani nitachekwa mpaka kaburini. Nilichekwa, ndiyo, lakini si nilivyotarajia. Profesa alikuwa amesema mtu mmoja hatoshi, anahitaji angalau ishirini kutoka kwa wale ambao hadubini haikuwaona. Mimi nilijiuliza tutawapata wapi. Mama Saiyut alikuja nyumbani asubuhi ya kwanza tu.

"Umetoa wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Kumi na wanne tu? Na kula kwa kujificha miaka yote hiyo?" Akatema mate pembeni. "Niandikishe, namba yangu imo kwenye zile arobaini na tatu. Kama wewe una kumi na wanne, mimi sikosi thelathini."

Alipata thelathini na wanane, na akatangaza sokoni kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Baada ya hapo tulikuwa na watu wengi kuliko vitanda. Wanaume walikuwa wanaulizana barabarani, "Wewe ngapi?" Kati ya ishirini waliochujwa, kumi na tisa walikutwa na minyoo. Yule wa ishirini alikiri kwamba alikunywa dawa za mnyoo mwenyewe wiki moja kabla, kwa aibu.

Siku ambayo Wiyada aliwaleta minyoo ukumbini ili watu wawaone, Khamphan aliingia. Hakusimama dirishani. Alivua viatu, akaja moja kwa moja mpaka kwenye hadubini, akauliza, "Hawa wa dada yangu ni wepi?"

Wiyada akamwekea. Khamphan akainama, jicho moja amelifumba. Alikaa hivyo muda mrefu, watu wakitaniana nyuma yake. Alipoinua kichwa alikuwa amebadilika rangi.

"Prasoet alikuwa anakula kwangu kila siku," akasema.

Akajiketisha mkekani.

"Nilikuwa namwekea sehemu ya kwanza, ya tumbo la samaki. Hata alipoanza kuumwa. Nikamwambia koi itamrudishia nguvu." Akanigeukia. "Lamduan, hata mumeo."

Wiyada akamshika mkono. Hakumlaumu wala hakumkumbusha lolote. Alisema tu, "Baba, na wewe umekula sahani ngapi?"

"Zote," akasema. "Mpishi lazima aonje."

"Basi nipe mkojo wako, Baba. Leo."

Akaenda na kikopo uani mwa hekalu, akarudi nacho kimejaa. Tulikaa watatu, tukitazama kile kijikaratasi. Mstari wa pili haukusubiri robo saa. Ulitokea dakika ya tatu, mweusi kama wino.

Kwa sababu ya umri wake na mstari ule, Wiyada hakutaka kumpa vidonge tu. Alimpeleka kupigwa picha ya tumbo, ile ya kupakwa mafuta ya baridi na kupitishiwa kifaa juu ya mbavu. Na pale kwenye ini, upande wa kushoto, palikuwa na kidoa cha ukubwa wa karanga. Macho yake yalikuwa meupe kabisa. Alikuwa anakula vizuri, analima vizuri, anatukana vizuri. Daktari wa upasuaji mjini alituambia kwamba kwa ugonjwa huu yeye huwapata watu wakishakuwa manjano, na mara nyingi hana la kufanya. Huyu amemkuta mlangoni.

Walimkata robo ya ini. Kwa muda wa saa sita tulikaa kwenye benchi, mimi na Wiyada, tumeshikana mikono, na sikumbuki tulizungumza nini. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa matusi kwa mto wa kulalia, na la pili lilikuwa la mwanawe.

"Hilo ini wamelipeleka wapi?"

"Maabara, Baba."

"Waambie wasilile bichi."

Nilitoka nje ya wodi nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka muuguzi akanipa kiti.

Hiyo sasa ni miaka minne iliyopita, na kidoa hakijarudi. Khamphan amebaki kuwa mpishi wetu. Alikasirika miezi kadhaa kwa sababu kila samaki aliyemwivisha alikuwa na ladha ya karatasi, halafu akaacha kukasirika akaanza kujaribu. Anawachemsha kwanza kwa mchaichai na galanga, mzizi unaofanana na tangawizi, akiwatoa moto umefika mpaka mfupani, ndipo anawakata na kuwatia ndimu na vingine vyote. Wanaume wa kwake walisusa wiki mbili. Wiki ya tatu walirudi na sahani zao, na mmoja akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi, "Hii nayo si mbaya."

Kipimo cha Wiyada kilichapishwa kwenye jarida la wanasayansi, na Profesa Thirawat ndiye aliyeandika barua ya kukitetea. Kinatumika katika wilaya zote za ziwa, na ng'ambo ya Mekong upande wa Laos wamekwisha kukiomba. Mimi nimekwenda huko mara mbili kufundisha wahudumu wenzangu. Nawaanzishia kwa kuwaeleza nilichokula mimi, na wakishamaliza kucheka huwa wanakubali kunieleza walichokula wao.

Mwaka huu, baada ya mvua, ilikuwa zamu ya shule. Wiyada alitaka kuwapima watoto wote, kuanzia wa darasa la kwanza mpaka wakubwa kabisa. Siku zile za vikopo tulipowapima watoto wa shule hiyohiyo, ishirini na sita walikuwa na minyoo. Safari hii walikuwa watoto mia moja na tisa. Tuliunganisha meza za chakula chini ya paa la bati, tukatandaza karatasi nyeupe, na kila mtoto akapita na chupa yake ndogo, wengine wakizipunga hewani huku mwalimu mkuu akipiga kelele wasimwage.

Vijikaratasi mia moja na tisa vilipangwa safu kwa safu. Robo saa ilipita. Wiyada akaanza kupita upande huu, mimi upande ule, na Mama Saiyut, ambaye hakuna aliyemwalika, akapita katikati na miwani yake puani.

Mstari mmoja. Mmoja. Mmoja. Nilifika mwisho wa safu yangu nikaogopa kusema, nikarudia upya kutoka mwanzo. Wiyada naye alikuwa anarudia. Tulipokutana katikati ya meza, uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho.

"Kwako, Shangazi?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kwako?"

Akatikisa kichwa. Ndipo Mama Saiyut alipotupa mikono juu akapiga vigelegele hata mbwa wa shule wakaanza kubweka. Mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye tai, akamkumbatia Khamphan aliyekuwa ameleta sufuria ya chakula cha mchana, na mchuzi ukawamwagikia wote wawili. Profesa Thirawat alikuwa kwenye simu, sauti imewekwa juu. Alikuwa anauliza, "Wangapi? Wangapi?" na hakuna aliyemjibu kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga kelele.

"Hakuna, Profesa!" Wiyada akapaza sauti hatimaye, simu ameishika kwa mikono miwili. "Mia moja na tisa, na hakuna hata mmoja!"

Watoto walitutazama kama watu waliorukwa na akili. Halafu wao nao wakaanza kushangilia, bila kujua wanashangilia nini, wakaruka juu ya mabenchi, wakazunguka meza mbio, na mwalimu mkuu akasema basi, kengele ipigwe, leo hakuna masomo tena.